Tundu Dogo Kwenye Mguu wa Kushoto

Watu wakishajua kuwa kazi yangu ni kutengeneza miguu ya ndege, ile inayoshika magurudumu, swali halichelewi: ndege kuukuu inarukaje? Juzi aliniuliza shemeji yangu, kanishikia simu usoni nione video ya ndege ya mizigo inayowaka moto kando ya njia ya kurukia. Niliitambua kabla hajasema kitu. Ni ya Oktoba 28, 2016, uwanja wa Fort Lauderdale, jimbo la Florida. "Shemeji, wanasema hii ndege ni ya mwaka 1972," akaniambia. "Miaka arobaini na minne! Si wangeitupa tu?"

Nilimjibu kwa kirefu na najua hakuridhika. Yeye jibu alikuwa nalo tayari: chombo kimezeeka, chombo kimevunjika. Mimi ajali ile naisoma kwa namna nyingine, na kila nikiisoma napandwa na hasira ambayo haihusiani hata kidogo na mwaka 1972.

Nianze na ndege yenyewe. DC-10 ni ndege ya injini tatu, mbili chini ya mabawa na moja imepandishwa mkiani, iliyojengwa na kampuni ya McDonnell Douglas kule Long Beach, California. Iliruka mara ya kwanza Agosti 1970 na ikaanza kubeba abiria mwaka uliofuata. Hii ya Fort Lauderdale nayo ilianzia kwenye abiria, kisha ikageuzwa kuwa ya mizigo ikaingia kampuni ya usafirishaji ya FedEx. Baadaye FedEx waliwekea ndege zao nyingi za aina hii chumba kipya cha marubani chenye skrini, kiti cha mhandisi aliyekuwa akikaa nyuma ya marubani kikaondolewa, na ndege zikabadilishwa jina zikawa MD-10. Mbele palikuwa papya kabisa. Chini, miguu ilikuwa ya muundo ule ule wa miaka ya sabini.

Siku ile ilitoka Memphis, kwenye makao makuu ya FedEx, ikiwa na marubani wawili tu na shehena nyuma yao. Ikateremka vizuri, ikagusa lami vizuri. Nalisisitiza hilo kwa sababu mtu akiona ndege imelalia bawa hufikiri moja kwa moja kuwa rubani aliibamiza chini. Hakuibamiza. Magurudumu yalishagusa, mwendo ulishaanza kupungua, ile sehemu ya safari inayomtoa rubani jasho ilikuwa imekwisha, ndipo mguu mkuu wa kushoto ukakatika. Bawa la kushoto likashuka, injini ya upande huo ikasuguana na lami, mafuta yakamwagika, moto ukashika. Ndege ikaburuzika ikatoka nje ya njia upande wa kushoto na kusimama. Marubani wakapitia dirisha la chumba chao wakashuka, wote wawili hai. Kama nyuma yao kungekuwa na viti badala ya makontena, simulizi ingekuwa nyingine kabisa.

Sasa twende kwenye mguu, maana ndiko niliko nyumbani.

Mguu mkuu wa ndege kubwa una silinda nene ya nje, ndani yake inapanda na kushuka bomba jingine linaloshika magurudumu. Ndani mna mafuta ya haidroli na gesi ya naitrojeni. Ndege inapogusa ardhi gesi inabanwa, mafuta yanasukumwa kupitia vijitundu, na ule uzito wote unamezwa polepole badala ya kupiga mwili wa ndege. Gesi hiyo lazima iwe na mahali pa kuingilia. Kwa hiyo silinda ya nje imetobolewa tundu dogo, na hapo ndipo vali ya kujazia hukaa.

Tundu kwenye chuma kinachobeba mzigo ni jambo zito. Nguvu inayopita ndani ya silinda ikifika kwenye tundu haina pa kupita, inazunguka na kubanana kingoni. Tena chuma cha miguu ya ndege kimefanywa kigumu kupindukia ili kiwe chepesi kwa nguvu kilichonayo, na ugumu huo una gharama yake: hakivumilii mkwaruzo. Ufa ambao chuma cha kawaida kingeubeba kwa miaka na fundi akauona kwa wakati wake, chuma hiki kinakatika ukiwa bado mdogo sana. Ndiyo sababu uso wake hauachwi wazi. Unapakwa kadmiamu, utando mwembamba ambao ukikutana na unyevu unaliwa wenyewe kwanza ili chuma kilicho chini kisiguswe.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walipeleka vipande vya silinda ile maabara. Ufa ulianzia kwenye tundu la vali ya kujazia gesi. Na ufa wenyewe ulizaliwa kwenye kishimo kidogo cha kutu. Kutu ilipata nafasi kwa sababu mahali hapo, ndani ya tundu, kadmiamu iliyotakiwa kuwepo haikuwepo. Ilikosekanaje? Ripoti ilisema ushahidi uliobaki haukutosha kulijibu hilo.

Chuma kilichokufa kwa uchovu kinajieleza. Ukitazama uso wa mpasuko utaona mistari imepangana, mmoja baada ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha mchangani yakipwa. Kila hatua ni ufa uliosogea kidogo kwa kutua fulani: mzigo umekuja, umeondoka, ufa umesogea. Halafu ghafla mistari inakoma na sehemu iliyobaki si laini, imechanika. Hapo ndipo palipokatika mara moja siku ya mwisho. Mtu akikuwekea mkononi kipande cha namna hiyo unajua papo hapo kuwa rubani wa siku hiyo hakuwa na lolote la kufanya. Alikabidhiwa mguu uliokwisha kufa nusu.

Lakini hasira yangu haiko hapo. Vyuma vinachoka, na sisi tuko kazini kwa sababu vinachoka. Hasira yangu ni kwamba tundu lile lilishawahi kusema.

Julai 28, 2006, miaka kumi kabla, ndege nyingine ya FedEx aina ile ile ya MD-10 ilitua Memphis ikitoka Seattle. Mguu mkuu wa kushoto ukakatika ikiwa bado inakimbia kwenye njia. Moto ukashika upande wa kushoto. Waliokuwemo walitoka hai. Wachunguzi walipofuatilia ufa ulipoanzia, wakafika kwenye tundu la vali ya kujazia gesi. Tofauti ilikuwa moja: mwaka 2006 waliikuta nikeli ndani ya tundu, mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Iliingia humo wakati silinda ilipokuwa ikifanyiwa matengenezo makubwa. Nikeli hupakwa sehemu maalumu za silinda ili kurudisha unene uliolika, na kabla ya kutumbukiza silinda kwenye dawa, fundi anatakiwa kuziba kila mahali pasipohusika. Pakivuja kidogo, nikeli inaingia na kushika. Kwa jicho inapendeza, inang'aa. Kwa chuma kile kigumu, kingoni mwa tundu, ni mahali pa ufa kuanzia.

Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo mwaka 2008 la kukagua tundu hilo kwenye ndege za jamii hiyo. Kwa hiyo mwaka 2016 hakuna aliyeweza kudai kuwa mahali pale palikuwa pageni. Palikuwa na historia yake na karatasi zake. Mguu ni ule ule wa kushoto, tundu ni lile lile. Mara ya kwanza kilikuwapo kitu kisichotakiwa, mara ya pili kikakosekana kitu kilichotakiwa.

Niongeze na ya tatu, kwa sababu wengine huzichanganya. Desemba 18, 2003, Memphis hapo hapo, MD-10 nyingine ya FedEx ilitua kwenye upepo wa ubavuni, ikagonga kwa nguvu na mguu wa kulia ukavunjika, moto pia. Watu saba walikuwemo, wakatoka. Ile ilikuwa ajali ya mikono: NTSB ililaumu namna ndege ilivyotuliwa kwenye upepo ule na usimamizi wa nahodha aliyekuwa akimwangalia mwenzake. Mguu ulipewa mzigo kuliko uliojengewa, ukavunjika kama chuma kizima kinavyovunjika. Ukiziweka tatu hizi pamoja ukasema "MD-10 ni mbovu, zimezeeka" utakuwa umeficha mambo mawili tofauti ndani ya neno moja. Ya 2003 ingeweza kutokea kwa ndege iliyotoka kiwandani wiki iliyopita.

Sasa suala la miaka, ambalo ndilo shemeji alilitaka.

Mjenzi wa ndege alipendekeza mguu mkuu wa aina hii uvuliwe na kufanyiwa matengenezo makubwa kila baada ya miaka 8 au kutua mara 7,500, lolote litakalotangulia. Zipo hesabu mbili na zote zina sababu. Uchovu unahesabu kutua. Kutu haihesabu kutua hata kimoja. Kutu inasoma kalenda. Ndege ikiwa imeegeshwa uwanjani mvua ikinyesha, kutu iko kazini. Ndege ya abiria ya safari fupi inaweza kutua mara sita kwa siku, hivyo 7,500 itafika mapema. Ndege kubwa ya mizigo inaruka usiku, inatua mara moja au mbili, mchana kutwa imesimama. Kwa ndege kama hiyo kalenda ndiyo mlinzi wa kweli.

FedEx walikuwa na kikomo chao: miaka 9. Mguu uliokatika Fort Lauderdale ulikuwa umefanyiwa matengenezo makubwa mwaka 2008, na siku ulipokatika ulikuwa umeshaipita miaka 8 lakini bado haujafika 9. Kwa karatasi za kampuni ulikuwa ndani ya muda. Kwa karatasi za mjenzi ulikuwa umepitiliza.

Hapo ndipo NTSB ilipoweka kidole. Chanzo kilikuwa ufa wa uchovu uliotokana na kishimo cha kutu, na kilichochangia ni kikomo cha kampuni kilichozidi pendekezo la mjenzi bila takwimu na uchambuzi wa kutosha kuhakikisha kuwa ufa ungeonekana kabla ya kufikia kuvunja mguu. Sentensi hiyo naijua kwa kuirudia. Haikusema kuongeza muda ni dhambi. Kampuni zinaruhusiwa kuomba muda zaidi, na wakati mwingine ni haki yao kabisa, kwa sababu wajenzi nao huanza kwa tahadhari kubwa na uzoefu ukaonyesha kuwa sehemu fulani inadumu zaidi. Ilichosema ni kwamba muda uliongezwa na hesabu ya ufa haikuongezwa pamoja nao.

Hiyo hesabu si ya mizungu. Unachukua silinda zilizofika miaka 8, unazivua, unazikagua matundu yote, unaandika kila kishimo ulichokiona na kina chake. Unauliza: kishimo cha ukubwa huu kikizaa ufa leo, utachukua kutua mara ngapi kufika pa kuvunja? Unauliza tena: ukaguzi wetu wa kawaida, mguu ukiwa bado kwenye ndege, unaweza kuuona ufa huo katikati ya safari yake? Kwa tundu la vali jibu ni gumu, kwa sababu vali yenyewe imekaa humo. Tochi haifiki ndani. Kama huwezi kuona bila kuvua, basi tarehe ya kuvua ndiyo ukaguzi wako wote. Ukiisogeza mbele umeusogeza ukaguzi wenyewe, na huna mwingine wa kukushika mkono.

Ndiyo maana namwambia kila anayeuliza kwamba mwaka wa kutengenezwa ndege haunisumbui sana. Hata miguu yenyewe mara nyingi haina umri wa ndege. Mguu una daftari lake, unavuliwa hapa unakwenda kufungwa kwenye ndege dada, huku unafungwa mwingine uliotoka karakana. Ndege ya miaka 44 inaweza kusimama juu ya miguu ambayo imepita mikono mingi na kufanywa upya mara kadhaa. Aprili 28, 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilifumuka paa la mbele ikiwa angani kati ya Hilo na Honolulu, mhudumu mmoja akapeperushwa nje akafa. Ile ilikuwa na miaka 19 tu. Lakini ilishapaa na kutua mara 89,680, kwenye hewa ya chumvi ya bahari, na kutu na uchovu vilikuwa vimeshirikiana kwenye viungio vyake. Bunge la Marekani likatunga sheria ya ndege zilizozeeka mwaka 1991 kutokana na mambo kama hayo. Mwenye miaka 19 alikuwa mzee kuliko wengi wa miaka 40.

Na siku ile ile ya Fort Lauderdale, saa chache kabla, Boeing 767 ya American Airlines ilikuwa ikikimbia kuruka uwanja wa O'Hare, Chicago. Diski ndani ya injini yake ya kulia ikapasuka, kipande kikatoboa bawa, moto ukawaka, watu 170 wakakimbilia milango ya dharura na wote wakaokoka. Huko nako ulikuwa ufa, ulioanzia kwenye kasoro iliyokuwa ndani ya chuma tangu kilipoyeyushwa, mahali ambapo ukaguzi wa wakati huo ulishindwa kupaona. Nakumbuka usiku huo simu yangu ilivyojaa jumbe za mafundi wenzangu, na hatukujua tuanze kuzungumzia ipi.

Mimi tundu la vali nilifundishwa na mzee aliyenipokea karakana. Silinda ikitoka kuoshwa, imevuliwa rangi na utando wote, yeye alikuwa haanzi na sehemu kubwa zinazong'aa ambazo wageni huzishika wakizishangaa. Alikuwa akiniita, "Njoo mwanangu, lete kioo kidogo," tunaanza na matundu. Kisha silinda inaingia chumba chenye giza, inatiwa sumaku, inamwagiwa maji yenye unga unaong'aa chini ya taa ya urujuani. Penye ufa, hata mwembamba kuliko unywele, unga unajikusanya na unatokea mstari wa kijani. Mstari huo ukiuona kwenye silinda uliyoishika mchana kutwa ukidhani ni nzima, tumbo linashuka. Baada ya ukaguzi inarudi kwenye kuziba, kupakwa, kisha inaokwa kwenye tanuri kwa saa nyingi ili haidrojeni iliyoingia kwenye chuma wakati wa kupaka itoke, maana nayo ikibaki inakivunja chuma kigumu kimya kimya. Kila hatua ina saini. Mzee alikuwa hatii saini ya kuziba matundu mpaka apitishe kidole mwenyewe.

Wapo wateja wasiolipenda hilo. Mmoja alipiga simu akiwa mkali kweli, ndege yake imelala chini inamla fedha, na sisi tumemzuilia mguu kwa kishimo ndani ya tundu. "Fundi, hicho mnachosema hata hakionekani," aliniambia. Nilimtumia picha iliyokuzwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama inawezekana kukiacha mpaka matengenezo yajayo. Haiwezekani. Sikumwona kuwa mtu mbaya, kila anayemiliki ndege za zamani anaishi kwenye presha hiyo, kwa sababu faida ya ndege ya zamani ni kwamba ilinunuliwa rahisi, na kila siku inayolala karakana inakula urahisi huo. Lakini ndege rahisi ina sharti lake. Fedha uliyookoa kwenye kununua utaitoa kwenye kuvua, kukagua na kupaka upya. Asiyekuwa tayari kuitoa huko aiache ndege ya zamani kwa mwenye uwezo.

FedEx waliziondoa MD-10 zao kazini mwishoni mwa 2022. DC-10 hazijaisha hata hivyo. Marekani zipo zilizogeuzwa kuwa za kuzima moto wa misitu, zinabeba dawa tumboni, na msimu wa moto ukipamba zinaruka na kutua mara kadhaa kwa siku moja. Kwao basi hesabu ya kutua inaweza kuitangulia kalenda, kinyume cha zile za mizigo. Natamani sana kuzungumza na fundi anayeihudumia miguu ya ndege hizo: wanavua kila baada ya muda gani, nani aliyeuweka huo muda, na wakivua wanakuta nini kwenye tundu la vali. Kama unamjua mmoja wao, mwambie anitafute, maana majibu yake nataka niyaandike hapa.